Presha ya mishipa na presha ya mawazo: jibu kwa mama anayejipima mara kumi na tano kwa siku

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, nina genge la mboga na matunda. Miezi mitatu iliyopita nilipimwa zahanati nikaambiwa presha yangu ni 158 kwa 98. Nikapimwa siku nyingine mbili, ikawa hivyohivyo, nikaanzishiwa amlodipine miligramu 5, kidonge kimoja usiku. Mjomba wangu alianguka kwa kiharusi mwaka jana na hakuamka, kwa hiyo nilinunua mashine ya kupimia nyumbani. Sasa napima mara kumi na mbili, siku nyingine kumi na tano. Nikikuta 150 nakosa raha, napima tena, nakuta 162. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, nilishtuka usingizini moyo unadunda, kifua kimebana, midomo na vidole vinafanya ganzi. Mashine ikaonyesha 171 kwa 104. Mume wangu akanikimbiza hospitali kwa bajaji. Wakapima umeme wa moyo wakasema ni mzima, na baada ya saa moja presha ilikuwa 142 kwa 88 bila kupewa dawa. Nikaambiwa 'punguza mawazo'. Sasa mawazo yanapunguzwaje? Shoga yangu mmoja anasema nifanye meditesheni, lakini mimi ni Mwislamu, naogopa nisijikute kwenye ibada za watu. Mwingine anasema nikitulia niache vidonge, maana nikivizoea ni vya maisha. Na kwenye kundi letu la mchezo kila siku wanatumiana sauti za watu walioanguka kwa presha. Nifanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi kwa mara moja, lakini naona hofu iliyo chini yake ni moja: kwamba usiku ule ulikuwa njiani kuelekea alikokwenda mjomba, na kwamba usipoilinda mashine, siku itakapokuja utakuwa umechelewa. Nianzie hapo, meditesheni na mashoga tutawafikia.

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu wenyewe. Neno presha tunalitumia kwa mambo mawili. Mtoto akichelewa kurudi shuleni, mama anasema "presha imenipanda". Mwenye nyumba akidai kodi, "ananipa presha". Hiyo ni presha ya mawazo. Ile ya zahanati ni nyingine: ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa, na inahesabiwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu ni pale moyo unapopiga, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa kuwa jina ni moja, watu huona ugonjwa nao ni mmoja. Mmoja anasema, mimi sina mawazo, presha itanitokea wapi, basi hapimi. Mwingine anasema, nikitulia imekwisha, anatupa vidonge. Ukweli ni kwamba wengi wenye shinikizo la juu la damu hawasikii kitu chochote. Wanalala fofofo na kucheka na watu, huku mishipa ya figo na ya ubongo inachakaa polepole. Na wako wengi wanaoamshwa usiku na moyo unaodunda ambao mishipa yao haina neno. Wewe una vyote viwili. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haishiki nafasi ya tiba ya mwenzake.

Usiku ule ulikuwa na nini? Kwa maelezo yako, pamoja na kipimo cha moyo kilichotoka salama na namba iliyoshuka yenyewe ndani ya saa moja, picha inayoonekana ni ya shambulio la hofu. Ubongo ukihisi hatari, ya kweli au ya kudhani, unazituma tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini, homoni ya kushtuka. Moyo unaongeza kasi, mishipa midogo inabana, damu inakimbizwa kwenye misuli ili ukimbie au upigane. Pumzi nazo zinakuwa za haraka na za juujuu. Hapo ndipo ganzi inapotoka. Ukihema haraka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, damu inapoteza kiasi cha asidi yake, na kalisi inayozitumikia neva inapungua kwa muda. Matokeo yake ni midomo kuchezacheza, vidole vya mikono yote miwili kufa ganzi, kichwa kuwa chepesi, na kifua kubana kama umefungwa kanga. Shambulio la namna hii hufika kileleni ndani ya kama dakika kumi, kisha hushuka. Haliwezi kukaa juu siku nzima, kwa sababu adrenalini yenyewe huvunjwavunjwa mwilini kwa haraka.

Tofauti yake na kiharusi unaweza kuitambua. Kiharusi mara nyingi hupiga upande mmoja: uso unashuka upande, mkono mmoja unakosa nguvu, ulimi unakuwa mzito, jicho moja au upande mmoja hauoni, na mara nyingi mtu hawezi kutembea sawa. Ganzi ya midomo na ya vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja, ikiambatana na kuhema, huwa ni ya pumzi. Hata hivyo nakupongeza wewe na mume wako kwa kwenda hospitali. Kwa mtu mwenye presha anayebanwa kifua kwa mara ya kwanza, hakuna anayeweza kutofautisha hofu na ugonjwa wa moyo akiwa kitandani saa nane usiku, na si kazi yake kujaribu.

Na hiyo 171? Presha ya mtu yeyote haikai mahali pamoja. Usingizini hushuka, alfajiri hupanda, ukibeba tenga la nyanya hupanda, ukigombana hupanda, hata ukijikaza chooni hupanda. Wanyanyua vyuma, wakati wa kunyanyua, wamepimwa wakiwa zaidi ya 250 na mishipa haikupasuka. Kinachoharibu mishipa ni wastani wa juu unaokaa miezi na miaka, na huo ndio kidonge chako kinaushughulikia. Kilima cha muda mfupi ulichopanda kwa hofu na kukishuka hakikukuachia jeraha.

Sasa tuizungumzie mashine, maana kwa maoni yangu ndiyo inayokuumiza kuliko kitu kingine hapo nyumbani. Inakupa nusu dakika ya faraja namba ikiwa nzuri, ikiwa mbaya inakupa adrenalini, nayo adrenalini inaleta namba mbaya zaidi. Hizo 150 na 162 zako zimetengenezwa hivyo. Kuna na sababu ya kimakanika: ukiujaza mkanda tena papo hapo, damu iliyobanwa mkononi haijapata nafasi ya kuondoka, na kipimo cha pili hakiaminiki. Kwa hiyo huo wingi wa vipimo haukuongezei taarifa. Unaichafua uliyonayo.

Pima hivi. Chagua siku saba mfululizo. Asubuhi kabla ya chai, na jioni kabla ya kula. Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa, usitoke kubeba mizigo. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, miguu usiipishanishe. Mkono ulale mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo, kwenye ngozi tupu na si juu ya mkono wa gauni. Kaa kimya dakika tano kamili, pasipo simu, pasipo kumjibu mtoto, kwa kuwa kuongea peke yake kunaweza kuongeza pointi kama kumi. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Basi, zima. Angalia pia maandishi kwenye mkanda: mingi imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Ukiwa na 35, mkanda huo ni mdogo kwako na utakuongezea presha usiyokuwa nayo. Dai mkubwa.

Mwisho wa wiki utakuwa na namba 28. Zitupe za siku ya kwanza, mwili unakuwa bado unaizoea shughuli. Zinabaki 24. Jumlisha za juu zote, gawa kwa 24, fanya hivyo na za chini. Hiyo ndiyo presha yako. Ikiwa chini ya 135 kwa 85, kidonge kinafanya kazi, na daktari wako anaweza kukutaka ushuke kidogo zaidi. Ikiwa juu ya hapo, peleka daftari kliniki, huenda dozi ikaongezwa, na dozi kuongezwa si alama kwamba unakufa. Baada ya wiki hiyo mashine ikabidhiwe kwa mume wako aifungie kabatini hadi wiki moja kabla ya tarehe ya kliniki. Siku tatu za kwanza bila mashine zitakuwa ngumu, wasiwasi utapanda kabla ya kushuka. Ndivyo inavyokuwa, usiisome kama ishara.

Kuhusu kuacha vidonge: hapana. Amlodipine haikuzoeshi kama sigara inavyomzoesha mvutaji. Mwenye miwani hatusemi macho yake yamezoea miwani. Ukiivua, uoni unarudi ulipokuwa, na ukiacha kidonge presha inarudi ilipokuwa. Amlodipine huondoka mwilini taratibu, ndiyo maana anayeacha hukaa siku mbili tatu akajiona mzima na kuwatangazia wenzake, kisha namba inapanda kimyakimya. Je, inawezekana siku moja ukapunguziwa? Kwa baadhi ya watu, ndiyo: aliyepunguza uzito, akashusha chumvi hadi kijiko kimoja cha chai kwa siku ikiwa pamoja na iliyomo kwenye mchuzi na mikate, anayetembea nusu saa siku tano za wiki, na namba zake zikakaa vizuri kwa miezi mingi. Hapo daktari hujaribu kushusha dozi huku anaangalia. Mazoezi ya utulivu nayo hushusha presha, lakini kwa pointi chache tu, na hutofautiana mtu na mtu. Kutoka 158 huwezi kupumua ukafika 130. Nakuambia hivi mapema ili usije ukayafanya mwezi mmoja, ukaona namba haijaanguka, ukayaacha, ilhali kazi yake kubwa kwako ni kukurudishia usingizi, kuzima mashambulio ya usiku na kukuwezesha kumeza kidonge chako bila kuhangaika.

Jambo moja usilifumbie macho: amlodipine yenyewe huweza kuleta moyo kwenda mbio, uso kuwaka joto na vifundo vya miguu kuvimba kwa baadhi ya watu. Kama kudunda kulianza baada ya kidonge, sema kliniki. Dawa za presha ni nyingi, unaweza kubadilishiwa.

Tuje kwenye "punguza mawazo". Ni ushauri wa kweli uliotolewa bila maelekezo, sawa na kumwambia mtu apike pilau bila kumtajia viungo. Mawazo hayapunguzwi kwa kuyakataza. Ukijiambia usiwaze kiharusi, umeshakiwaza. Kinachowezekana ni kuingilia mlango wa mwili. Moyo huwezi kuuamrisha, adrenalini huwezi kuiamrisha, lakini pumzi iko pande zote mbili: inajiendesha yenyewe na pia inakubali kuendeshwa. Ukitoa pumzi polepole, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni inauambia moyo upunguze kasi. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono uone: ukivuta hewa mapigo yanaharakisha kidogo, ukitoa yanapungua. Ndiyo sababu tunarefusha kutoa.

Kaa kitini, mkono mmoja chini ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lisukume mkono, mabega yatulie. Toa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama unapoza uji wa mtoto, ukihesabu hadi sita. Hizo ni sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Anza na dakika tatu asubuhi na tatu jioni, ongeza polepole hadi dakika kumi. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa kubwa, kifua kikajaa hadi shingoni, kisha kichwa kinawazunguka na wanasema zoezi limewaletea presha. Hewa iwe ndogo, kama ya mtu aliyelala, ila iende taratibu. Nne na sita zikikushinda, fanya tatu na nne. Kosa jingine, kubwa zaidi, ni kulisubiri shambulio ndipo ujaribu. Hakuna anayejifunza kuogelea mkondo unapomchukua. Lifanye siku za amani, angalau wiki mbili, ili usiku wa taabu mwili uwe unaijua njia.

Shambulio likija, kaa kitako, nyayo sakafuni, usilale chali. Jiambie kwa sauti: "Hii ni adrenalini, inapanda, itashuka." Acha kuhesabu kuvuta, hesabu kutoa tu. Tazama saa ya ukutani ukijua unaisubiri dakika ya kumi hadi ya ishirini. Mashine usiiguse. Na ile mbinu ya kuhemea kwenye mfuko wa karatasi iache, ni ya hatari kama tatizo lilikuwa moyo au pumu.

Kwa usingizi, tumia misuli. Daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, ndiye aliyeueneza utaratibu huu katika miaka ya 1920 na 1930: kaza kundi moja la misuli, kisha liachie, ili mwili ujifunze tofauti. Ukiwa kitandani anza na viganja, kunja ngumi sekunde tano, achia sekunde ishirini. Kisha mikono, paji la uso, macho, taya, mabega hadi masikioni, tumbo, mapaja, na miguu. Wewe mwenye presha una masharti mawili: kaza nusu ya nguvu zako tu, na usizuie pumzi wakati wa kukaza, kwa kuwa kujikaza huku umebana pumzi hupandisha presha. Nyayo zikaze kwa upole zaidi, vinginevyo utaamka na mkakamao. Taya ndilo sehemu ambayo watu hushangaa, wengi hawajui kwamba wamelifunga siku nzima.

Sasa meditesheni. Ukiiondolea mapambo, ni zoezi la kuweka akili mahali pamoja na kuirudisha kila inapotoroka. Inatoroka, unairudisha, bila kujigombeza, na kule kurudisha ndiko zoezi lenyewe. Anayesema "mimi siwezi, akili yangu haitulii" amekwishalifanya bila kujua. Kweli, namna nyingi zimetoka kwenye dini za Asia, na hofu yako naiheshimu. Lakini hospitalini hutolewa bila ibada yoyote: mafunzo ya wiki nane aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 yalikuwa kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu na magonjwa yasiyopona. Na Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba anayekaa kimya akirudia neno moja hupungua kasi ya pumzi na ya moyo, na aliwashauri watu wachague neno la imani yao wenyewe.

Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha jambo ninalolipenda. Waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia maneno ya yoga. Njia zote mbili ziliishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, ileile tunayoifundisha kliniki. Kwa hiyo huhitaji kuazima chochote. Baada ya Isha, badala ya kuikimbiza tasbihi kama anayehesabu chenji, tamka Subhanallah moja kwa kila pumzi unayotoa. Thelathini na tatu kwa pumzi sita kwa dakika ni dakika tano na nusu, na ukizimaliza zote tatu umekaa zaidi ya robo saa. Dhikri ina makusudi yake makubwa kuliko presha, nami sitaigeuza kidonge, ila mwili wako utanufaika ukiwa humo humo. Ukiona kufumba macho kunakuletea picha za mjomba na kukuzidishia hofu, yafumbue, tazama mkeka mbele yako. Hili huwapata watu, hasa waliofiwa karibuni, wala si dalili ya kushindwa. Likiendelea, baki na pumzi na matembezi.

Marafiki wako nitawagawa. Kuna sauti za WhatsApp za walioanguka: hizo toka, au uzime mlio na mwambie kiongozi wa mchezo mchango wako utautuma moja kwa moja. Huna deni la kusikiliza vifo vya watu usiowajua. Kuna shoga wa dawa za kienyeji, ambaye huwa hakosekani: vitunguu saumu, rosela, majani ya mpera. Kitunguu saumu na rosela vinaweza kushusha kidogo, ukivitumia mezani hakuna ubaya, ila havichukui nafasi ya kidonge, na chochote cha kuchemsha kiandike kwenye daftari daktari akione.

Halafu kuna wale wa kushika mkono, na hawa huwa hawajui wafanye nini mpaka uwaambie. "Nisaidieni" ni neno pana mno. Mmoja mwambie: "Naomba Jumanne na Alhamisi alfajiri tutembee nusu saa kabla sijafungua genge." Mwingine: "Tarehe ya kliniki nisindikize, mimi nikiogopa nasahau nilichoambiwa, wewe uandike." Na yule msikivu: "Leo sitaki ushauri, nataka nikuambie tu, uitikie." Mara nyingi watu hutoa ushauri kwa sababu ukimya unawaaibisha. Ukiwaondolea wajibu huo, hukaa vizuri zaidi.

Hapa kuna mtego. Ukimpigia rafiki kila usiku umuulize "sitakufa, si ndiyo?", naye akasema "hufi, shoga yangu", amegeuka mashine ya pili: faraja ya nusu dakika, kisha swali tena. Mfundishe ajibu hivi: "Hilo umeshaniuliza, tukae tuhesabu pumzi pamoja." Ni jibu linaloonekana kavu, lakini ndilo linaloponya.

Kwamba mazungumzo ya watu wa kawaida yanatibu, ushahidi upo, na umetoka kwetu Afrika. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za Harare. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Washona wa huko wanauita ugonjwa wenyewe kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. (Kwao kufunga ni kuwaza. Kwa sikio letu neno hilo linasikika kama mtu aliyejifungia ndani, na sijui kama kuna maelezo mazuri zaidi.) Bibi hatoi hotuba. Anakusaidia kutaja matatizo yote, uchague moja, na uondoke na hatua moja unayoiweza wiki hiyo. Rafiki yako msikivu anaweza kufanya hivyo: kati ya deni, mtoto wa sekondari na presha, ni lipi wiki hii, na Jumatatu unafanya nini?

Kabla ya kuyabebesha mawazo kila kitu, kuna ya kukaguliwa. Omba upimwe wingi wa damu, sukari, figo na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kudunda kama hofu inavyoleta. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, sema, vinaweza kupandisha presha na njia nyingine zipo. Sema pia kama unameza diklofenaki au ibuprofeni kwa mgongo, dawa za mafua za kufungua pua, au vinywaji vya kuongeza nguvu. Mume wako atajua kama unakoroma na pumzi inakatika usiku. Hilo nalo ni ugonjwa unaopandisha presha.

Kimbilia hospitali bila kuhesabu pumzi ukiona maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au tayani, kukosa hewa, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito, kupotea kwa uoni, kuchanganyikiwa, au kichwa kikali ambacho hujawahi kukipata. Kliniki ikikupima, au wewe katika wiki yako ya kupima, mkakuta 180 kwa 120 au zaidi, kaa dakika tano upime tena. Ikibaki hapo na una dalili hizo, ni dharura. Ikibaki na huna dalili, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Usimeze kidonge cha ziada, wala usikubali mtu akuwekee nifedipine, dawa nyingine ya presha, chini ya ulimi: presha ikiporomoshwa ghafla, ubongo unaweza kukosa damu, na hapo ndipo kiharusi ulichokiogopa kinapotengenezwa.

Kwa hofu yenyewe, jipe wiki nne za mazoezi. Kama mashambulio yanaendelea, hulali, huwezi kufungua genge, unaogopa kulala peke yako, au unaanza kuona afadhali usingekuwepo, usizingoje wiki nne. Nenda kitengo cha afya ya akili, hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanacho. Kwa hilo la mwisho, mwambie mume wako leo na mwende leo. Utapewa tiba ya mazungumzo, mara nyingi vikao visivyozidi kumi na viwili, pengine na dawa za hofu zisizo na uraibu ambazo huchukua wiki nne hadi sita kushika. Usijinunulie diazepamu dukani. Inatuliza kweli, ndiyo maana watu hushindwa kuiacha. Na propranolol ya jirani, ile dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, usiiazime, kwa mwenye pumu inaweza kuua.

Tarehe ya kliniki ikifika, chukua daftari, vidonge vyote unavyotumia ndani ya mfuko mmoja, na mashine pia. Mwombe muuguzi akupime kwa yao kisha kwa yako, mkono uleule, dakika moja kati. Zikitofautiana kwa zaidi ya pointi kumi, mashine ndiyo ya kubadilishwa.